Kola ya Fundi

Fundi hakupima shingo ya mtu. Aliikaba kwa adabu. Alizungusha tepu yake, akavuta mpaka ukameza mate, na pale koo lilipogota ndipo alipobana kwa kidole gumba na kusoma nambari. Ukilalamika, alikujibu kwa maneno yale yale aliyowaambia wanafunzi, makarani, wachungaji na mabwana harusi wote wa mtaa wetu wa Pioneer: "Shingo ikilegea, akili inalegea." Kisha alivuta kidogo tena, kama nyongeza ya sokoni.

Mimi ninayemwandika nilikabwa na tepu hiyo tangu darasa la kwanza. Leo nina diploma ya uuguzi, niliyoipata kwa jasho langu, bila mjomba serikalini wala shamba la kuuza. Nimefanya kazi nchi za Ghuba katika wodi ya upasuaji wa kichwa na shingo, wodi yenye vitanda vinavyojiinua vyenyewe, na nimerudi Eldoret nikajenga mtaani Kimumu nyumba ambayo abiria wa boda boda wakiipita hugeuka kuitazama. Sijisifu bure. Nataka msomaji ajue kwamba nikizungumza juu ya uso wa Fundi, nazungumza juu ya kitu nilichokishika kwa mikono hii, chini ya taa, nikiwa na glavu.

Mdomo wake ulikuwa na kazi mbili. Upande wa kulia uliweka pini, upande wa kushoto ulihifadhi tumbaku. Pini zilipangwa midomoni kama meno ya ziada, na tumbaku ilikaa ndani ya shavu toka asubuhi hadi kufunga duka. Katikati ya vitu hivyo viwili alibakiza ufa mdogo wa kupitishia maneno, na maneno yaliyopita hapo yalitoka yakiwa yamechongoka. Alimwambia bwana harusi mmoja mfupi kwamba kitambaa kitakachobaki kinatosha kumshonea mchumba wake mwingine. Alimwambia mwalimu wa shule yetu, mbele ya wanafunzi wake, kwamba suruali haikupungua, ni yeye aliyeongezeka na akili ikabaki pale pale. Watu walicheka. Waliochekwa nao walirudi, kwa sababu hakuna fundi mwingine mjini aliyeweza kukalisha bega la koti kama yeye. Hilo lazima niliseme. Mpaka leo, pamoja na nguo zote za dukani nilizovaa ng'ambo, sijaona bega lililokaa hivyo.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kiraka. Alikuwa na msemo wake: "Kiraka kimoja ni aibu, cha pili ni uchizi." Mama yangu hakuujua. Alikuwa ametoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kutoka kiwandani alileta vipande vilivyotupwa. Kaptula yangu ya shule ilipopasuka makalio, alichukua kipande cha bluu, akanishika mkono, tukaenda kwa Fundi. Ilikuwa wiki ya kufungua shule na duka lilijaa wazazi. Fundi aliinua kaptula yangu kwa ncha ya mkasi, kama mtu anayeinua panya aliyekufa.

"Mama," alisema kupitia zile pini, "mimi hushona nguo. Sasa hii unataka nishone umaskini?"

Duka zima lilicheka. Mama yangu, ambaye nyumbani hakuwahi kukosa jibu, alicheka pamoja nao ili asibaki peke yake. Kicheko hicho cha mama ndicho ambacho sikumsamehe Fundi. Jina la Kiraka, alilonipa siku hiyo na likanifuata darasani, ningeweza kulisamehe. Mama aliishona kaptula mwenyewe kwa mkono, nami niliikalia miaka miwili.

Hata hivyo mtu huyo huyo aliwashonea maiti bila kutoza. Jirani akifa, familia ilileta kitambaa, na Fundi alifunga duka, akanyamaza, akashona shati la mwisho la marehemu kwa upole ambao walio hai hawakuwahi kuuonja. Na mashati hayo yalikuwa na kitu kimoja cha ajabu: kola ilikuwa pana. Mkono mzima ungeingia. Niliwaona hivyo majirani zangu kadhaa ndani ya majeneza, wamelala kwa starehe ya shingo ambayo hawakuijua maisha yao yote. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza sababu. Fundi alimjibu kwamba huyu aliyelala hana akili ya kulegea. Mkewe, mama mpole aliyekaa nyuma ya duka akitia vifungo, alikuwa na maelezo yake: mumewe aliwapenda wafu kwa sababu hawarudishi nguo.

Kanisani alikaa kiti cha mbele na alitokwa na machozi nyimbo zikiimbwa. Lakini macho hayo hayo yenye machozi yalikuwa yakizunguka kwaya nzima yakikagua kola. Na alikuwa na fahari moja kubwa kuliko zote. Mafundi wengine hupima mara mbili kabla ya kukata. Yeye alipima mara moja. "Anayepima mara ya pili," alisema, "hakuangalia mara ya kwanza."

Kidonda kilianza ndani ya shavu la kushoto, pale ilipolala tumbaku. Alikificha nyuma ya pini kwa muda mrefu, akisema ni sindano imemchoma. Mkewe aliniambia baadaye kwamba hakuogopa alipoona damu kwenye mto, wala shavu lilipovimba. Aliogopa siku alipomwona mumewe akichomeka pini kwenye mkono wa shati, kwa sababu mdomo haukufunguka tena.

Walipomleta katika hospitali niliyoajiriwa, mimi ndiye niliyempokea. Alinitazama. Hakuanza na uso wangu, alianza na kola.

"Nani alikushonea hiyo?"

"Nilinunua Ghuba, Fundi."

"Inaonekana," alisema. "Inapumua."

Daktari wa upasuaji alikuwa dada mmoja mtulivu, mzaliwa wa Kesses, mwenye sauti ya mtu anayesomea mtoto kitabu. Alimweleza bila kumficha. Uvimbe ungetolewa pamoja na shavu lote, ndani mpaka nje, na pangebaki tundu. Kuziba tundu hilo, wangechukua kipande cha ngozi ya kifua pamoja na msuli wake, wasikitenganishe kabisa, bali wakiache kimeshikana na mshipa wake wa damu kama tunda na kikonyo. Wangekipitisha chini ya ngozi, juu ya mfupa wa bega, kikapanda shingoni mpaka usoni. Kule wangekikunja mara mbili, upande mmoja uwe ndani ya mdomo na mwingine uwe nje.

Fundi alisikiliza kama anayepokea oda.

"Yaani kiraka chenye bitana," alisema.

"Ndiyo, Mzee, unaweza kukiita hivyo. Na kifua chako kina nywele, kwa hivyo usishtuke zikiota mdomoni."

"Nitakuwa nanyoa nikipiga mswaki. Na huo mkia wake? Mnauacha tu shingoni?"

"Huo ndio unaokilisha. Ukibanwa, kiraka kinakufa."

Hapo alinigeukia mimi niliyesimama nyuma ya daktari. Hakuwa ameniita kwa lile jina la utotoni tangu nilipovuka bahari.

"Umefurahi, Kiraka?"

"Nimefurahi, Fundi," nilimjibu. "Hata nitakichunga mwenyewe."

Daktari alinikazia macho. Fundi hakukasirika. Nadhani jibu langu ndilo jambo pekee siku hiyo lililomfanya ajisikie yuko dukani kwake. Kisha alimwomba daktari amwonyeshe kwa kidole, polepole, njia yote ya ule mkia, kutoka kifuani hadi taya, na baadaye tulimkuta amekaa kitandani anajipima shingo na tepu yake. Sisi tulidhani ni woga. Alikuwa anachukua vipimo. Kabla ya siku ya upasuaji aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kutengeneza mambo yake, na hakuna aliyeuliza ni mambo gani.

Upasuaji ulikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Niliona kazi za madaktari wa Ghuba wenye majina marefu, na nasema kazi ya yule dada wa Kesses isingewatia aibu. Kipande kilikaa shavuni, kinene, cheusi kuliko uso, kimezungukwa na nyuzi safi. Shingoni, mkia wake ulituna chini ya ngozi kama gunzi la mahindi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kinaishi. Nilikibonyeza kwa kidole nikatazama rangi ikirudi. Nilikichoma kwa sindano nikatazama damu: ikitoka nyekundu kama nyanya, kiraka kiko hai, ikitoka nyeusi ya zambarau, kimekabwa. Fundi hakusikia maumivu, kwa sababu kipande kama hicho hakina hisia, na ngozi ya shingo nayo hufa ganzi baada ya kukatwa. Lakini aliona sindano ikimjia usoni, mkononi mwa mtoto wa yule mama wa kiwandani, naye hakuwa na la kufanya ila kutulia. Nilimchoma kama kazi inavyotaka, si zaidi. Utamu wake niliuonja.

Nilimpa sharti moja na nikalirudia kila nilipobadilisha bandeji. Shingoni hakuna kitu. Si kamba ya gauni, si skafu, si tai. Kitu chochote kikipita hapo, vidole vyangu viwili lazima viingie chini yake bila kusukuma.

"Vidole viwili," alisema kwa sauti iliyojaa mate na pamba. "Hiyo si kola. Hiyo ni mfuko."

"Hiyo ndiyo itakupa shavu, Fundi. Bila hiyo utakunywa chai na itatokea hapa."

"Hiyo umesoma kwa diploma?"

"Kwa diploma."

"Mwenye digrii yuko wapi?"

Alipoomba kioo, nilimpa. Wagonjwa wengi hulia, wengine hugeuza kioo chini. Yeye alijitazama kama anavyotazama koti la fundi mwingine, akageuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akafuata mshono kwa macho kutoka sikioni hadi kwenye kona ya mdomo. Nilingoja.

"Nani alichagua hii rangi?" aliuliza.

"Ulizaliwa nayo, Fundi."

Mkewe alicheka kidogo, akajiziba mdomo. Fundi alinirudishia kioo na hakukiomba tena.

Kilikuwa kinashika. Naandika hili wazi kwa sababu watu wa Pioneer husema hospitali ilimharibu. Kufikia mwisho wa wiki hiyo daktari alikuwa ameanza kuzungumza juu ya kumruhusu aende nyumbani, na Fundi alikuwa ameanza kumeza uji bila kuumwaga. Bado siku chache tu, na uso wake ungekuwa wake tena, pamoja na manyoya ya ndani.

Jumapili wazee wa kanisa walikuja kumwona. Niliingia zamu ya alasiri, jua bado likiwa juu ya mabati, nikasikia wimbo ukitoka chumbani kwake. Walikuwa wamefika tangu ibada ilipokwisha. Nilifungua mlango nikamwona Fundi amekaa kwenye kiti, amenyooka kama picha ya ukutani, ndani ya shati jeupe ambalo sitalisahau. Lilikuwa na kola ya kusimama, ndefu, iliyotiwa kanvasi ngumu, imepanda hadi chini ya taya ikafunika lile gunzi lote, na kitufe kimoja kooni. Ndilo shati zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Lilificha kila kitu alichotaka kukificha. Juu yake, kiraka kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya zambarau iliyoiva kupita kiasi.

Nilimsukuma mama mmoja wa kanisa pembeni nikapeleka vidole viwili chini ya kola. Haukuingia hata ukucha. Nilijaribu kitufe, kikakataa, kwa sababu shingo ilikuwa imejaa na kitambaa kimevutika kama ngozi ya ngoma. Nikachukua mkasi wa bandeji. Ndipo aliponishika kifundo cha mkono, kwa nguvu za mtu aliyekata vitambaa vizito maisha yake yote, na akasema sentensi iliyonyooka kuliko zote alizosema tangu apasuliwe.

"Kata uzi. Usikate kitambaa."

"Mzee, mwachilie," mkewe alisema. Nyuma yetu mzee wa kanisa alikuwa bado anaomba, macho yamefumbwa.

Nilikata kitambaa. Nilikichana kutoka kooni hadi begani, kanvasi na vyote, na kola ikafunguka kama kopo. Kisha nikachoma sindano shavuni. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi.

Mkewe ndiye aliyenieleza, akiwa amekaa sakafuni kwenye korido. Mambo aliyokwenda kutengeneza nyumbani kabla ya upasuaji yalikuwa hilo shati. Alijua njia ya mkia, alijua urefu wa kola utakaoufunika, alijua wazee watakuja siku gani. Lakini shingo aliyoipima ilikuwa shingo yake ya zamani, kabla gunzi halijaingia. Mkewe alimwambia angoje, apime tena akishapona kidogo. Alimjibu kama alivyomjibu kila mtu: anayepima mara ya pili hakuangalia mara ya kwanza.

Walimrudisha chumba cha upasuaji. Daktari aliokoa ukingo mdogo upande wa sikio, kilichobaki kilikuwa kimekufa na kiliondolewa. Akamweleza kwamba bado kuna njia, upande wa pili wa kifua uko mzima, wanaweza kuanza upya. Alimbembeleza kwa ile sauti ya kusomea mtoto. Mkewe alipiga magoti kando ya kitanda. Fundi aliwatazama wote wawili, akakandamiza pamba shavuni ili maneno yasivuje.

"Kimoja ni aibu," alisema. "Cha pili ni uchizi."

Nilisimama mlangoni nikatazama mtu akinyongwa na msemo wake mwenyewe. Ugonjwa uliondoka, uso haukurudi. Alikwenda nyumbani na tundu kando ya mdomo ambalo ungeweza kuona magego kupitia kwake, na leso nyeupe ya kulifunika. Chai ilitokea pale pale nilipomwambia itatokea.

Sikumwona tena mpaka nilipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa wodi. Watu wenye digrii waliomba nafasi hiyo, na aliyeipata ni mimi. Nilitaka shati la kuanzia kazi, na ingawa nina uwezo wa kununua popote, miguu ilinipeleka Pioneer. Duka lilikuwa kimya kuliko zamani. Fundi alikuwa kwenye cherehani, leso mkono wa kushoto, pini zote zimechomekwa kwenye kisponji kilichofungwa kifundoni mwa mkono. Alinitambua. Alisimama, akanizungushia tepu shingoni kwa mkono mmoja, na nikakaza koo kuingoja. Tepu ilinilalia tu, laini kama utepe wa zawadi. Nilidhani mkono umechoka.

Niliporudi kulichukua, nililivaa mbele ya kioo chake. Bega lilikaa. Bado ni yeye. Nikafunga kitufe cha juu, nikaingiza vidole viwili chini ya kola, vikaingia. Nikaingiza cha tatu. Nikaingiza mkono mzima, na hapo nikakumbuka niliziona wapi kola za namna hii.

Mkewe alisema kutoka nyuma ya duka, kwa sauti yenye tumaini, kwamba siku hizi mzee hushona zote hivyo. Hata za watoto wa shule huwalegezea, na wazazi wanarudisha. "Amebadilika, mwanangu," alisema. "Amekuwa mpole."

Nilivua shati nikaliweka juu ya cherehani.

"Mimi sijafa, Fundi," nilisema. "Kaza."

Alinitazama, leso shavuni. Macho yalikuwa yale yale ya kukagua kwaya. Akasema, "Shingo iki..." na upepo ukatoka kando, leso ikatuna, maneno yakavuja. Alijaribu tena. Mkewe aliinamisha kichwa kwenye vifungo vyake. Msemo huo naujua tangu darasa la kwanza, ningeweza kummalizia. Nilingoja. Hakufika mwisho.

Basi akavuta shati karibu. Kufumua mshono kunataka mikono miwili. Akaitazama leso, akaitazama kola, akaiweka leso mezani, na tundu likabaki wazi katika mwanga wa mlango, meno na ulimi na vinywele vichache vilivyosalia kwenye ukingo. Sikugeuza uso. Alichukua wembe, akainama, akaanza kufumua kola yangu pole pole, pumzi yake ikipiga mluzi kando. Alikata uzi. Kitambaa hakukigusa.